Apolo Kivebulaya na mnyororo wa walimu

Apolo Kivebulaya alikuwa mwinjilisti Mganda aliyefanya kazi Toro, magharibi mwa Uganda, na baadaye Mboga na msitu wa Ituri nchini Kongo, tangu mwaka 1895 hadi alipofariki tarehe 30 Mei 1933. Kanisa Anglikana la Kongo linamhesabu kuwa mwanzilishi wake. Habari zake zinaposimuliwa makanisani, sehemu kubwa huwa ni maono aliyoyaona, viboko alivyochapwa na msitu alioingia akiwa mzee. Yote hayo yana nafasi yake. Kinachorukwa ni miaka ipatayo kumi na mmoja kati ya siku kijana huyo alipoisikia Injili na siku alipobatizwa, pamoja na watu waliompokezana katika miaka hiyo. Bila watu hao hakuna Apolo wa Mboga, na makanisa ya leo yanayotaka kuona vijana wakiitikia wito wa umisheni yana sababu ya kuitazama miaka hiyo kwanza.

Alizaliwa yapata mwaka 1864 katika jimbo la Singo, Buganda. Alikuwa mmoja wa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa kulwa wa kiume. Buganda ya ujana wake ilikuwa na shughuli nyingi za dini. Wafanyabiashara wa Pwani na Zanzibar walikuwa wamekwisha kuingia katika ikulu ya Kabaka Mutesa na kufundisha Uislamu, na Kiswahili kilisikika barazani. Wamisionari Waanglikana wa shirika la CMS walifika mwaka 1877, na Wakatoliki wa shirika la White Fathers mwaka 1879. Kijana mwenye akili alikuwa na walimu wa kuchagua, na Waswa alichagua zaidi ya mara moja. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kuwa kwanza aliwekwa kwa mganga ajifunze kazi ile, akachukizwa na udanganyifu aliouona, kisha akafuata mafundisho ya Kiislamu. Ukristo ulimfikia akiwa tayari ni mtu aliyezoea kuuliza na kupima.

Mwalimu wa Kikristo aliyemvutia kwanza alikuwa Alexander Mackay, Mskoti fundi mitambo. Mackay mwenyewe alikuja Afrika akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, kabla ya kufika Buganda mwishoni mwa 1878. Huko ufundi ulimpa wanafunzi kuliko mahubiri. Vijana wa ikulu walikuja kutazama tanuri na mashine ya kukerezea, wakabaki kushika nyundo, na kazi ilipopoa wakaketi kusoma. Mackay alichonga herufi za mbao kwa mkono wake ili apate kuchapa karatasi za kusomea. Masomo ya mwanzo yalitumia vitabu vya Kiswahili vilivyotoka Zanzibar, kwa kuwa Kiganda kilikuwa bado hakijaandikwa vitabu, na tafsiri za awali za Kiganda zilifanywa kwa msaada wa zile za Kiswahili.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi malezi hayo yalivyoingia. Mmoja wa wanafunzi hao, Sembera, alimwandikia Mackay barua kwa Kiganda kuomba abatizwe, na kalamu yake ilikuwa kijiti cha unyasi kilichochongwa ncha. Sembera alikuwa mtumwa, si mwana wa chifu. Alijifunza herufi, akatengeneza kalamu, akaomba kwa maneno yake mwenyewe kile alichokitaka. Alibatizwa tarehe 18 Machi 1882 pamoja na wenzake wanne, Waanglikana wa kwanza kubatizwa katika nchi ile, akachukua jina la mwalimu wake. Hivyo ndivyo mwalimu anavyojua kuwa somo limeshika: mwanafunzi analeta ombi ambalo hakufundishwa kuliandika.

Waswa alimsikia Mackay yapata mwaka 1884, na wakati ulikuwa mbaya. Mutesa alifariki mwaka huohuo, akarithiwa na Mwanga, kijana aliyeingiwa na hofu kuwa wasomaji, kama Wakristo walivyoitwa, walikuwa na bwana mwingine zaidi ya Kabaka. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja Buganda. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Waliouawa walikuwa wanafunzi hasa: watumishi wa ikulu, wahunzi, watunza ghala, wengi wao wakiwa hawajafika umri wa miaka ishirini na mitano.

Katikati ya mateso hayo misheni ilifanya uamuzi ambao uliamua mambo mengi yaliyofuata. Iliunda baraza la wazee wa kanisa, Waganda watupu, ili wamisionari wakifukuzwa au kuuawa kanisa lisife nao. Haikuchukua muda uamuzi huo ukapimwa. Mackay alilazimika kuondoka Buganda mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na huko alifariki kwa homa Februari 1890. Waumini waliobaki walifundishana majumbani, usiku, kila mtu akimpa mwenzake herufi alizozijua. Kijana aliyekuwa akiitafuta imani katika miaka hiyo aliipokea kwa jirani yake wa rika moja au kwa mzee wa mtaa. Mzungu alikuwa mbali.

Mwaka 1888 vita vya dini viliigawa Buganda, na Waswa aliingia vitani kama vijana wengine wa rika lake, akaishia upande wa Wakristo. Mwaka 1891 alikwenda magharibi na kikosi cha Kapteni Frederick Lugard, kilichomrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro. Ni katika maisha hayo ya askari alipopata koti la jeshi alilopenda kulivaa, watu wakamwita Kivebulaya, yaani kile kilichotoka Ulaya. Jina hilo la utani lilimganda hata alipokuwa kasisi. Haifai kulificha jambo hili: safari ya kwanza ya mwinjilisti huyu kwenda magharibi ilikuwa safari ya bunduki, na nchi alizokuja kuhubiri ziliwajua Waganda kwanza kama watu wa dola jipya.

Kuna mambo mawili yaliyotokea mwaka 1893 ambayo yalimgeuza askari kuwa mwalimu. La kwanza lilianza katika jimbo lake la kuzaliwa. Mmisionari A. B. Fisher, aliyekuwa Mityana katika Singo, aliona kuwa watu wanaotaka kusoma ni wengi kuliko awezavyo kuwafikia, akaanzisha vyumba vidogo vya kusomea vijijini, vya miti na nyasi, kila kimoja kikiwa na msomaji aliyetangulia hatua chache tu mbele ya wanafunzi wake. La pili lilitokea Desemba katika kisiwa cha Kome, ndani ya Ziwa Victoria. George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda, alikwenda huko akiwa amekata tamaa na utumishi wake, akarudi na ari mpya. Mikutano aliyoianzisha Mengo, mji mkuu wa Buganda, aliporudi iliamsha kanisa zima, na mwaka uliofuata walimu kwa makumi walitawanyika kwenda majimbo ya mbali.

Waswa alibatizwa Januari 1895 kwa jina la Apolo, yule Myahudi wa Aleksandria ambaye katika Matendo ya Mitume alikuwa hodari wa maandiko lakini akahitaji Prisila na Akila wamweleze njia vizuri zaidi. Uchaguzi wa jina ulimfaa. Mwaka huohuo wa ubatizo alipelekwa Toro kufundisha. Kwa desturi ya leo, ambapo mwinjilisti husubiri cheti cha chuo kwanza, haraka hiyo inaonekana kama uzembe. Haikuwa uzembe, kwa sababu ubatizo wenyewe ulikuwa mtihani. Kanisa la Uganda wakati huo lilimtaka anayeomba ubatizo awe ameweza kusoma Injili mwenyewe, na miaka ya kujifunza ilikuwa imekwisha kupita kabla ya maji. Kilichobaki kilijifunzwa kazini, chini ya macho ya waliotangulia.

Utaratibu wa fedha nao ulisaidia. Askofu Alfred Tucker alishikilia kuwa walimu wa Kiafrika wategemezwe na kanisa la wenyeji na si na fedha za Uingereza. Matokeo yake yalikuwa mshahara mdogo sana, na chakula cha mwalimu kilitegemea mapenzi ya wale aliowafundisha. Utaratibu huo ulikuwa mgumu na mara nyingine wa kuumiza, lakini ulimfunga mwalimu na kijiji. Mwalimu asiyependwa alishinda njaa.

Njaa hiyo ndiyo iliyowashinda watu wa kwanza waliopelekwa Mboga. Mboga, ambayo leo huandikwa Boga, iko ng'ambo ya bonde la mto Semliki, upande wa magharibi wa milima ya Ruwenzori, mahali ambapo nyanda za malisho za Wahema zinakutana na ukingo wa msitu mkubwa. Mwaka 1896 walimu wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walivuka bonde wakaanza kazi. Majina yao hayatajwi sana, nayo yanastahili kutajwa. Chifu Tabaro aliwakataza watu wake wasiwape chakula, nao wakarudi Toro wamedhoofika. Walitoa habari sahihi kuhusu chifu, njia na hatari, na mtu aliyefuata alijua anakokwenda.

Apolo alifika Mboga Desemba 1896. Chifu alipozuia chakula, yeye alishika jembe. Alilima shamba lake, akajenga nyumba yake, akaanza kufundisha herufi yeyote aliyekuja. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wachache. Mafundisho yake yaligusa mahali penye maumivu: alikemea ndoa za wake wengi, ulevi na ibada za mizimu, na kusoma kulimpa mtu mnyonge heshima ambayo haikutoka kwa chifu. Tabaro hakuwa mjinga kuona hatari hiyo. Alikuwa mtawala mdogo kati ya Toro, Bunyoro na mabwana wapya wa Kizungu, na Mganda mwenye kitabu, aliyeletwa na njia ileile iliyoleta bunduki za Lugard, alimtia shaka kwa haki.

Kisha ikatokea ajali. Dada wa chifu alijikwaa penye nyasi ndefu karibu na mahali pa ujenzi, akaangukia mkuki uliokuwapo hapo, akafa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa ngome ya Waingereza huko Toro kuhukumiwa. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa katika siku hizo za dhiki, alipokuwa karibu kukata tamaa, Kristo alimtokea aking'aa kama jua na kumwambia ajipe moyo kwa kuwa hayuko peke yake. Aliachiliwa huru. Jambo la kushangaza kuliko kuachiliwa ni kwamba alivuka tena bonde la Semliki, akarudi kwa watu walewale. Tabaro, aliyemtesa, alianza kujifunza, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Waandishi wa vitabu vya misheni huyaeleza maono ya Apolo kana kwamba yalishuka kwenye ardhi tupu. Lakini mtu aliyeyaona alikuwa amesoma kwa miaka mingi, akaketi chini ya wazee, na akajua habari za vijana wa Namugongo si kwa kusoma bali kwa kuishi katika nchi ileile. Jengo lilikuwa limeinuliwa tofali kwa tofali hata yale maono yakapata pa kukaa. Anayemwombea kijana apate maono huku akikataa kuketi naye na kitabu kila juma anaomba paa bila kuta.

Apolo aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi iliyofuata aliitumia Toro, akizunguka vijiji, akifungua madarasa na kusimamia walimu wadogo. Sehemu hii ya maisha yake haina matukio ya kusisimua, na wasimulizi huipita haraka. Hata hivyo hapa ndipo mwanafunzi alipokuwa mlezi. Mke wake alikuwa amefariki mapema, naye hakuoa tena, na nyumba yake ilijaa vijana. Mshahara wake mdogo uliwasomesha watoto wa watu wengine. Alikwenda safarini na vijana hao, akiwaachia wafundishe huku yeye amekaa pembeni akisikiliza, kisha akawasahihisha njiani. Aliandika kumbukumbu zake katika madaftari kwa Kiganda, sentensi fupi za mtu mwenye kazi: amekwenda wapi, amefundisha nani, nani amebatizwa.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana ardhi. Mboga, iliyodhaniwa kuwa upande wa Waingereza, iliwekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji kwa mkataba wa mwaka 1910. Kanisa la Mboga likajikuta ng'ambo ya mpaka, katika koloni ambalo serikali yake ilipendelea misheni za Kikatoliki, na mbali na askofu wake. Apolo alirudi huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa na umri wa kama miaka hamsini, akabaki mpaka mwisho wa maisha yake. Angeweza kuzeekea Buganda kwa heshima. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini Namirembe alifika kama mgeni.

Kuanzia yapata mwaka 1921 alielekeza nguvu zake kwa Wambuti, watu wa msitu wa Ituri ambao majirani zao wakulima na wafugaji waliwadharau na kuwahesabu kama mali. Alieleza kuwa aliagizwa katika maono aende msituni. Njia aliyoitumia ilikuwa ileile ya Singo na ya Mboga: kukaa, kusikiliza, kujifunza maneno, kufundisha herufi. Wambuti walihama kufuata mawindo na asali, kwa hiyo darasa lilihama pia, na kanisa likawa kibanda cha majani kinachoweza kuachwa. Hakuwataka watoke msituni ndipo wawe Wakristo. Aliisimamia tafsiri ya Injili ya Marko katika lugha yao, kazi ambayo haiwezekani bila Wambuti wenyewe kumfundisha mwalimu wao, na alibatiza waumini wa kwanza miongoni mwao.

Sifa za Apolo hazifuti maswali. Walimu Waganda waliopelekwa magharibi walichukua pamoja na Injili lugha yao, kanzu zao na imani kuwa Buganda ndiyo kipimo cha ustaarabu, na katika sehemu nyingi za Uganda ya leo uchungu wa jambo hilo haujaisha. Apolo alitoka katika wimbi hilohilo. Kinachomtofautisha ni kwamba alikaa muda mrefu hata mahali pale pakambadilisha. Mboga alifundisha na kuabudu kwa Kinyoro-Kitoro, ingawa Kiganda ndicho alichoandikia madaftari yake, na msituni alianza upya kama mwanafunzi wa lugha akiwa na mvi. Umisheni wa juma moja, wenye fulana za rangi moja na picha nyingi, hauwezi kufanya hivyo hata ukiwa na nia njema, kwa sababu unamrudisha kijana nyumbani kabla wenyeji hawajapata nafasi ya kumfundisha chochote.

Kwa desturi Mganda alizikwa akielekezwa nyumbani kwake. Apolo aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa bado haijafika, na ndivyo alivyozikwa Mboga.

Aliacha walimu. Kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake kanisa la Mboga liliendeshwa na wainjilisti wenyeji, wengi wao wanafunzi wake au wanafunzi wa wanafunzi wake, huku wamisionari wa Kizungu wakiwa wachache au hawapo kabisa. Biashara, masomo na vita viliwapeleka watu wa Mboga mbali, Bunia, Kisangani, Goma na hata Lubumbashi, nao wakaanzisha sharika walikokwenda bila kusubiri kutumwa. Dayosisi ya Boga iliundwa mwaka 1972 na Askofu Philip Ridsdale, Mwingereza, akiwa wa kwanza kuiongoza. Mwaka 1992 Kanisa Anglikana la Kongo likawa jimbo linalojitegemea chini ya Askofu Mkuu Patrice Njojo Byankya, mzaliwa wa Boga.

Katika kukua huko lilizuka suala la vijana ambalo Apolo angelitambua. Sharika za mijini ziliabudu kwa Kiswahili, lugha ya mashariki ya Kongo nzima, wakati wazee wa Boga walishikilia Kinyoro cha nyimbo walizofundishwa na kizazi cha Apolo. Vikundi vya vijana vilivyojulikana kwa jina la Agape vilileta magitaa, mapambio ya Kiswahili, maombi ya usiku na uinjilisti wa nyumba kwa nyumba. Wazee wengine waliona ni kelele na uasi. Wengine, wenye kuona mbali, walikumbuka kuwa kanisa lao lilianzishwa na kijana wa koti la jeshi, wakaketi na vijana hao, wakawapa masomo, wakawatuma. Baadhi ya waliolelewa hivyo walikuja kuwa makasisi. Pale walipofukuzwa, hawakuacha kuimba. Walikwenda kuimba katika makanisa mengine ya mji, na usharika ukabaki na wazee wake.